Mgongo wa Mkamwana

Tisa ya kwanza, siku ya kwanza. Nyuzi 24 chini ya sifuri.
Daftari jipya, la zamani limejaa. Baridi yetu ni tisa mara tisa, siku themanini na moja, nami nimeziandika zote kila mwaka tangu nilipokuwa mpimaji wa hali ya hewa wa ushirika. Ushirika umekufa, kipimajoto kipo. Asubuhi nasoma, jioni saa kumi na moja nasoma tena. Miaka thelathini na minane sijakosa kipimo hata kimoja. Marehemu mke wangu Tsend alikuwa akinicheka: "Unaandika baridi tu, watu huwaandiki." Nikamjibu watu hawana kipimo.

Siku ya pili. 26.
Hakuna jambo.

Siku ya nne. 29.
Mwanangu Ganzorig amerudi mgodini kusini, hatumwoni tena hadi Mwezi Mweupe, sikukuu yetu ya mwaka mpya. Ametuachia vitu viwili: mkewe Uyanga na pikipiki yake. Sijui kipi kinanikera zaidi.

Uyanga ni mtoto wa mjini, kazaliwa ghorofa ya nne kwenye nyumba yenye maji ya moto ukutani. Mwaka wa pili huu yuko kwetu. Simsingizii, adabu anazo. Hatamki jina langu, hajawahi kunipa mgongo, na akitoka hemani anarudi kinyumenyume mpaka mlangoni kama wakamwana wa zamani. Lakini adabu mtu hufundishwa, moyo hafundishwi. Namwona anavyotazama njia ya mjini.

Pikipiki nayo inalala na sisi, au tuseme betri yake. Kila jioni anaifungua na kuilaza kando ya jiko, mahali pa mwana-kondoo mgonjwa. Asubuhi anachota makaa ya mavi makavu kwenye karai, anayasukuma chini ya injini, anafunika yote kwa blanketi la manyoya na kungoja oili ilainike. Farasi hahitaji kupashwa moto ndipo aamke.

Siku ya saba.
Tufani. 31 asubuhi. Mlango haufunguki, nasomea kipimajoto kwenye upenyo wake.

Siku ya nane.
Bado. 32.

Siku ya tisa. 33, upepo umekufa.
Farasi wetu wamekwenda na upepo, wote thelathini na mmoja. Kondoo wakipigwa na tufani hujibana pamoja, ng'ombe hurudi zizini, lakini farasi huupa upepo makalio na kutembea mpaka uchoke. Umevuma siku mbili na nusu. Kabaki Kijivu peke yake, niliyekuwa nimemfunga, na amekonda hata mbavu zinahesabika.

Tumepanda kilima cha mawe ya sadaka, pale simu inaposhika. Ganzorig akasema, "Baba, nisikilize. Kama farasi hawapo, hao kondoo peke yao hawatuweki huko. Nikija Mwezi Mweupe hawajaonekana, tunauza kilichobaki, tunahamia mjini. Nimechoka kuishi mbali na mke wangu."

"Wataonekana."

"Nimesema tu, Baba. Mpaka Mwezi Mweupe."

Simu inapayuka, Uyanga alisikia kila neno. Aliinamisha macho akatazama buti zake. Niliona anaficha furaha.

Tisa ya pili, siku ya tatu. 34.
Nimetoka na Kijivu kuwatafuta. Kwenye kijito kilichoganda miguu yake ya mbele iliteleza, tukaanguka wote. Yeye mzima. Goti langu limevimba kama kabichi. Jirani yetu Dolgor, mjane mwenye mdomo wa watu watatu, alipoliona alisema, "Kaka, sasa mna farasi wawili wabovu."

Siku ya tano. 32.
Uyanga amekaa akinielekea, mikono magotini. "Baba, mimi naweza kuendesha. Panda nyuma."

"Nyuma ya nani?"

"Yangu."

"Mkamwana anipe mgongo mchana kweupe?"

Alifikiri. "Basi endesha wewe, mimi nikae nyuma."

Nikaona hilo lina heshima. Akanionyesha klachi, gia, breki. Nimefundisha madume ya farasi yaliyouma watu, kitu chenye magurudumu kitanishinda? Tulikwenda vizuri kama mwendo wa kuchemsha chai. Kisha tukafika kwenye rundo la theluji, nami kwa mazoea nikavuta usukani kifuani, nikakikandamiza kwa mapaja na kukipigia kelele za kumsimamisha farasi. Hakikusikia. Tulitoka ndani ya theluji wote weupe, na Uyanga amejiziba mdomo kwa glavu, mabega yanatikisika.

"Cheka tu," nikamwambia. "Usije ukapasuka."

Alicheka mpaka akakaa chini. Sijasikia kicheko hemani kwetu tangu Tsend.

Siku ya saba. 35.
Anaendesha yeye. Nimesema mwiko ni wa hemani, nje hakuna mwiko. Nimeyatunga mwenyewe hayo, na Dolgor anajua.

Tisa ya tatu, siku ya kwanza. 36.
Kila siku tunatoka, Dolgor anatuangalizia kondoo. Nimejifunza baridi ambayo kipimajoto hakiijui. Ukisimama ni 36. Ukienda, unajitengenezea upepo wako mwenyewe, na huo unaingia kwenye mishono ya joho, unapenya kofia ya mbweha, unatafuta meno. Farasi hukupa joto la mwili wake. Hiki chombo kinakuunguza mguu mmoja kwa ekzosi na kuugandisha mwingine. Kope zinashikana, lazima uzifungue kwa vidole. Kila nusu saa Uyanga anasimamisha, na tunakizunguka mbio, mimi nikichechemea, tunajipiga mikono mabegani kama watu waliorukwa na akili.

Amevalisha usukani mifuko ya ngozi ya kondoo, mikono yake inazama humo. Mimi nashika chuma cha nyuma. "Baba, shika mkanda wangu, hicho chuma kitakunyofoa ngozi." Nikasema chuma kinatosha.

Mbele yangu siku nzima ni mgongo wake. Joho la kijani, mshono wa bega la kushoto umefumuka, kaushona kwa uzi mweusi. Sikujua kwamba mtu anaweza kumjua mwenzake kwa mgongo. Akiona barafu mbaya, bega la kulia linapanda kabla mkono haujasogea. Akichoka anainama kidogo.

Siku ya nne. 38.
Tumemaliza mabonde yote ya mashariki. Mizoga mitatu, si yetu.

Siku ya sita. 37.
Goti limenikatalia, ametoka peke yake. Alisema anakwenda kaskazini. Mchana nilijikokota nje na fimbo kutazama nyayo za tairi. Hazikwenda kaskazini. Zimekwenda moja kwa moja kilima cha simu, na aliporudi alikuwa amekaa huko nusu siku.

Siku ya saba. 37.
Kilima tena.

Siku ya nane. 39.
Kilima tena. Anampigia mama yake aandae chumba. Mwanamke wa ghorofa ya nne, nilijidanganya nini? Sisemi naye. Anaweka chai mbele yangu, nakunywa, narudisha bakuli.

Tisa ya nne, siku ya pili. 40.
Sisemi naye.

Siku ya tano. 38.
Sisemi naye. Dolgor amesema, "Kaka, hemani kwenu kuna baridi kuliko nje." Nikamwambia ashughulike na mbuzi wake.

Tisa ya tano, siku ya nne.
Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto, asiyeusoma aache. Naandika kidogo kidogo, hii ni siku yangu ya tatu kuandika jambo hili moja. Vipimo vya siku tano havipo. Sikuviona.

Ilikuwa tisa ya nne, siku ya nane. Asubuhi Uyanga alikaa akinielekea, akasema, "Baba, wameonekana."

"Nani kakwambia?"

"Mzee Choijil, ng'ambo ya mto, bonde la matete. Dume jekundu, chapa yetu ya mwezi paja la kushoto."

"Umempatia wapi Choijil?"

"Kwenye simu. Nilianza na watu anaowajua Ganzorig, kila mmoja nikamwomba namba ya mwenzake wa mbele, kule upepo ulikoelekea. Choijil ni wa arobaini na moja."

Nilitazama bakuli langu. Nilikuwa nimemnunia siku tisa kwa kile kilima. "Uliniambia unakwenda kaskazini."

"Nilikwenda kilimani kwanza, siku ikaisha. Nikaogopa kukupa tumaini halafu wasiwepo."

"Na siku za baadaye? Mbona hukusema?"

"Ulikuwa hunisemeshi, Baba."

Niliona aibu, na naiandika hapa kwa sababu mdomoni haikutoka.

Tuliondoka jua likichomoza, nyuzi 37, anga safi. Alipiga kiki mara kumi na moja ndipo ikakohoa. Tulifika bonde la matete karibu na mchana. Mke wa Choijil alitoka kushika mbwa, akatupa chai, kisha Choijil mwenyewe akatupeleka.

Walikuwa kumi na tisa. Dume jekundu lilikuwa limesimama upande wa upepo, barafu imeganda mgongoni mwake, na wengine wamejikinga nyuma yake, jike moja lina mimba. Kumi na wawili hawapo tena. Nililipigia dume mluzi, likanyanyua kichwa. Nililia. Machozi yaliganda shavuni, na Uyanga akayabandua kwa kidole gumba.

Choijil alisema tuwaache kwake mpaka baridi iishe, theluji ya bondeni ni nyembamba na nyasi zipo chini yake. Kisha akatazama magharibi. "Laleni hapa. Kile cheupe kule chini ya anga sikipendi."

Uyanga alisema, "Tulale, Baba."

Nikasema hapana. Nilisema kondoo, nikasema Dolgor amechoka. Uongo mtupu. Nilitaka kuwahi kipimo cha jioni. Miaka thelathini na minane, sijakosa hata kimoja! Kwa sababu ya namba moja kwenye daftari nilimtia mtoto wa watu njiani.

Upepo ulitukuta nusu ya njia. Mara moja hapakuwa na mbingu wala nchi, yote meupe na yote yanakwenda. Uyanga hakugombana nao. Alishuka mpaka mtoni, akaingia juu ya barafu. Mto unapita karibu na zizi letu, kwa hiyo ukingo ungemwongoza hata asipoona. Alikwenda gia ya kwanza, miguu yote miwili chini kama vitelezi. Tulianguka mara tatu. Kila mara aliinyanyua pikipiki kabla injini haijazimika, kisha akaninyanyua mimi.

Baada ya mara ya tatu nilipata joto. Sasa najua ndilo joto la mtu anayeganda, lakini nakumbuka lilivyokuwa zuri. Mikono haikuuma tena, goti halikuuma. Nikaona huyu tuliyempanda anaujua mto huu, amezaliwa hapa, na anayemwongoza anamchosha bure. Sote tuliolelewa juu ya tandiko tunajua hivyo: tufani ikikupofusha unaachia hatamu, mnyama anakupeleka kwenu. Nikafungua kifungo cha joho shingoni, nikainama sikioni kwake.

"Legeza hatamu, mwanangu. Mwache. Atatufikisha mwenyewe."

Pikipiki ilisimama. Aligeuka akanitazama, akaona kifungo. Alinifunga joho kama mtoto. Akanivua mkanda wa kiunoni, ule mrefu wa hariri, akakaa, akatuzungushia mimi na yeye mara tatu mpaka kifua changu kikabanwa na mgongo wake, akafunga fundo tumboni mwake. Glavu zangu akazivua, mikono yangu akaiingiza ndani ya joho lake, chini ya makwapa. Kisha akapiga kelele:

"Damdin!"

Nilidhani ni Tsend. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akiniita kwa jina langu.

"Damdin! Umelala?"

"Sijalala."

"Sema kwa nguvu! Damdin!"

"Sijalala!"

Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Nikichelewa kujibu anaupiga mgongo nyuma, kichwa changu kinatikisika. "Damdin! Mwaka aliozaliwa Ganzorig, tisa ya tatu, nyuzi ngapi?"

"Arobaini na moja!"

"Uongo!"

"Arobaini na moja, na upepo wa kaskazini! Muulize yeyote!"

"Mwaka uliomwoa Tsend?"

"Thelathini na... thelathini..."

"Damdin! Mzee mkaidi we! Ukinifia hapa mume wangu nitamwambia nini? Nyuzi ngapi?"

"Thelathini na tatu!"

Alikuwa analia, nilisikia kwenye mbavu zake. Aliniita mpaka sauti ikamkauka. Alinimaliza baridi zote za maisha yangu, moja moja, na nilizikumbuka zote. Mwishoni tulisikia mbwa wetu. Fundo la mkanda lilikuwa limeganda, Dolgor akalikata kwa kisu cha nyama.

Tisa ya tano, siku ya saba. 29 (Dolgor kasoma).
Nesi wa wilaya amekuja na gari lililofungwa minyororo kwenye tairi. Ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia hazitabaki. Akauliza nani aliniweka mikono kwapani. Uyanga akatazama chini. "Vilivyobaki vimebaki kwa ajili hiyo," nesi akasema.

Tisa ya sita, siku ya pili. 25.
Uyanga amerudia kuniita Baba. Anatoka kinyumenyume. Sauti haijarudi vizuri.

Siku ya tatu. 24.
Nimewaza jana kutwa. Ndugu zangu wameisha, Tsend ameisha. Kwa Dolgor mimi ni kaka, kwa wengine ni mzee, kwa nesi ni mgonjwa. Jina langu halikuwa na mtu wa kulitamka duniani, nami sikujua kama nimelikosa.

Siku ya sita. 21.
Njia imeanza kuonekana, nyeusi katikati ya theluji.

Tisa ya saba, siku ya tano. Mwezi Mweupe, siku ya kwanza. 18.
Ganzorig amefika juzi, tumefinyanga buuz mia nne, maandazi yetu ya nyama ya mvuke, Dolgor amekula robo. Asubuhi walinisalimia mwaka mpya, mikono yao chini ya viwiko vyangu, mwana kwanza, kisha mkewe.

Baada ya chai Ganzorig akasema, "Kumi na tisa, Baba. Sijui nisemeje."

Nilikuwa nimejiandaa siku nyingi. "Uzeni. Mpeleke mkeo kwa mama yake. Amefanya zaidi ya wajibu wake. Mimi nitakuja nanyi, nitakaa kwenye hiyo ghorofa, sitalalamika."

"Utalalamika," akasema Ganzorig.

Uyanga aliweka birika chini kwa kishindo. "Mmeniuliza?"

Ganzorig naye akaweka bakuli lake chini.

"Nayataka maji ya moto ya bomba, sikatai. Nataka mume anayelala nyumbani. Wewe Ganzorig acha huo mgodi, uje ukamate mkia wa farasi wako." Kisha akanigeukia, uso mwekundu. "Na wewe Baba, nilipiga simu arobaini na moja ili tuuze? Lile jike lenye mimba litazaa kwa nani?"

Ganzorig alinitazama. Mimi nikatazama jiko. Akasema mkataba wake unaisha kiangazi, hatautia saini tena. Uyanga akamimina chai, akamwaga nusu mezani.

Tisa ya nane, siku ya kwanza. 11.
Ganzorig ameondoka. Ardhi ina unyevu.

Tisa ya tisa, siku ya tisa.
Leo tumekwenda kuwaleta farasi. Choijil na wanawe walikuwa wawasukume kwa farasi zao, sisi tuwaonyeshe njia. Asubuhi Uyanga hakuhitaji makaa, kiki ya pili tu ikawaka. Nilichukua maziwa nikanyunyizia magurudumu yote mawili, baraka ya farasi anayesafiri. Dolgor akasema, "Kaka, naona sasa umekuwa na farasi wa chuma." Nikamwambia anyamaze.

Nilipanda nyuma, nikashika mkanda wake. Kabla hajatia gia nikasema, "Uyanga. Njiani uniite."

"Nikuite nini, Baba?"

"Unajua."

Hakugeuka. "Mwiko huo, Baba. Na leo hakuna hata tufani."

"Upepo upo kidogo."

Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa nyasi. Jua lilikuwa kali, theluji imebaki vivulini tu, na mto unapasuka kwa mlio. Tulikwenda kimya mpaka tukapita kilima cha simu. Ule mshono wa bega la kushoto umefumuka tena. Kisha nikaona bega la kulia linapanda kidogo, kama anapoona barafu, na barafu haikuwepo.

"Damdin!" akaita. "Umelala?"

Nilikuwa macho kabisa. Nikakaa kimya makusudi, ili aite tena.